Kudokoa taarab na nyimbo za picha za zamani bila kujitafutia kesi: mwongozo kwa watu wa Malindi na Lamu

Jamani watu wa biti, watu wa rimiksi, na nyinyi mnaokata vipande vya nyimbo za picha (sinema) za Kihindi mkaziwekea ngoma chini yake, hii ni yenu. Siku hizi hapa Malindi studio za chumba kimoja ziko kila mahali, Barani, Maweni, Muyeye, ukipita dirishani unasikia kaseti ya zamani imekatwa kipande kinazungushwa na kuzungushwa, na ukiuliza habari ya ruhusa unaambiwa ah, huo wa kitambo bana, mwenyewe alishakufa. Sasa kufa kwa mwenyewe ndo hesabu inapoanza. Watu wanadhani mambo yamekwisha pale mtu anapozikwa, kumbe sheria ya Kenya inaanza kuhesabu miaka kuanzia hapo.

Ntaeleza kuanzia sahani yenyewe mpaka karatasi ya kusaini, na ntakaa sana kwenye taarab na nyimbo za sinema kwa sababu ndizo watu wa huku wanazozitafuta, za Lamu, za Mombasa, za Bombay, za Misri. Kesi za Marekani ntazitaja pia, maana wale ndo walioburutana kotini miaka yote hiyo wengine tukapata kujua mpaka uko wapi.

KWANZA UJUE NI MALI YA NANI

Wimbo wowote uliorekodiwa una mali mbili ndani yake. Kuna wimbo wenyewe, yaani maneno na mahadhi, na kuna rekodi, yaani zile sauti zilizonaswa siku ile na watu wale. Huku pwani hili halifai kutushinda, tumezoea kuona shamba ni la mtu huyu na minazi iliyo juu yake ni ya mtu mwengine, na ukitaka madafu huendi kumuomba mwenye ardhi. Ukidokoa kipande kutoka kwenye kaseti umechukua vyote viwili kwa mpigo mmoja, kwa hivo ruhusa unazohitaji ni mbili.

Taarab yetu inaongeza mkono wa tatu na hapa ndo wengi wanapotea. Marehemu Juma Bhalo aliyefariki 2014, na Maulidi Juma, na wengine wa njia hiyo ya Mombasa, walikuwa wakichukua mahadhi ya nyimbo za picha za Kihindi wanayatilia maneno ya Kiswahili. Kila mtu alijua, watu walitoka sinema jioni na wiki ya pili wanausikia wimbo ule ule harusini kwa maneno mengine. Basi hesabu mwenyewe: mahadhi ni ya mtunzi wa Bombay, maneno mara nyingi ni ya mshairi, na mshairi si lazima awe muimbaji (Juma Bhalo mwenyewe mashairi yake mengi alitungiwa na Ahmad Nassir), na rekodi ni ya aliyegharamia kurekodi. Ukienda kwa familia ya muimbaji wakakwambia chukua tu mwanangu, wamekupa walichonacho, lakini yale mahadhi hayakuwa yao na hawawezi kukupa. Upande wa pili kuna watu kama Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyefariki 2016, yeye alishika udi na njia ya Kiarabu, kwa hivo wimbo wake usiuhesabu kwa kipimo cha Juma Bhalo. Kila wimbo uchunguze peke yake.

Na wapigaji nao wana haki yao, yule wa fidla, wa kodiani, wa taishokoto, sheria inawapa miaka 50 ya haki ya uigizaji wao. Kwa vitendo mara nyingi hiyo inakwenda pamoja na ya rekodi, lakini usishangae mzee mmoja akikwambia mie ndo nliyepiga pale na sijawahi kuulizwa.

KUISOMA SAHANI

Ukipata santuri usikimbilie kuipiga. Iweke chini ya taa, isome. Kwenye karatasi ya katikati, chini ya jina la wimbo, mara nyingi kuna jina jengine kwa herufi ndogo ndani ya mabano, huyo kwa kawaida ndo mtunzi, si muimbaji. Pembeni utaona nambari ya lebo, na ukiwa na bahati utaona herufi P ndani ya duara ikifuatwa na mwaka, huo ndo mwaka rekodi ilipotolewa. Herufi C ndani ya duara inahusu mambo mengine kama picha na maandishi ya jalada, usichanganye. Shida ni kwamba sahani nyingi za 45 (zile ndogo) za pwani, mfano zile za lebo ya Mzuri ya Assanand & Sons wa Mombasa, hazina mwaka kabisa. Hapo chukua tochi ya simu uilaze pembeni ili mwanga upite juu ya sahani, tazama ile sehemu laini isiyo na mistari karibu na karatasi, utaona nambari imekwaruzwa kwa mkono. Hiyo ni nambari ya matriki. Iandike pamoja na nambari ya lebo halafu ingia Discogs, tovuti yenye orodha za sahani, utazame sahani za kabla na za baada yake kwenye mfululizo huo huo, zile zilizo na mwaka zitakubania yako katikati. Si ushahidi wa kotini lakini ni mwanzo mzuri, tena piga picha pande zote mbili uhifadhi.

Kaseti ni kazi nyengine. Taarab nyingi za miaka ya themanini na tisini zilipita mikononi mwa maduka kama Mbwana Radio Service ya Mombasa, na kuna zile zilizorekodiwa harusini moja kwa moja, unasikia mpaka vigelegele na mtu anaitwa kwa jina kutunzwa. Rekodi kama hiyo ni ya nani? Sheria yetu inasema mwenye rekodi ni yule aliyefanya mipango ya kuifanya irekodiwe. Anaweza kuwa mwenye duka, anaweza kuwa baba wa bi harusi aliyemlipa mtu wa mashine. Kwa hivo swali la kuuliza ni nani alileta mashine na nani alilipa, si nani anayo kaseti sasa hivi, maana kaseti yenyewe ishakopiwa mtaa mzima.

HESABU YA MIAKA

Kenya ni hivi. Wimbo, maneno na mahadhi, unalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliokufa. Rekodi inalindwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Tia namba uone. Rekodi ya 1970 ulinzi wake uliisha mwisho wa 2020, lakini kama mshairi wake alifariki 1990 maneno yanalindwa mpaka mwisho wa 2040. Yaani rekodi iko huru na wimbo ulio ndani yake hauko huru. Hii ndo hali ya taarab nyingi mnazozitaka, na ndo sababu nasema mwenye maneno ndo wa kumtafuta mwanzo kabisa, maana yeye ndo anayesahaulika na haki yake ndo inayoishi kuliko zote.

Aliye salama kwa Kenya ni Siti binti Saad. Alikwenda Bombay kurekodi 1928, akafariki 1950, kwa hivo rekodi zile zimeshapita miaka yake na nyimbo alizotunga mwenyewe zilitoka mwisho wa 2000. Angalia neno alizotunga mwenyewe, zile za washairi wengine utahesabu kwa kifo chao. Lakini usisahau unapandisha wapi. Marekani wana hesabu zao, kwao rekodi iliyotolewa 1928 inalindwa mpaka mwisho wa 2028, na mitandao mingi unayopandishia ni ya Marekani.

India wao wanahesabu 60, si 50. Rekodi na filamu miaka 60 tangu itolewe, mtunzi maisha yake na 60 juu. Shailendra aliyeandika maneno ya nyimbo nyingi za picha za miaka ya hamsini alifariki 1966, Jaikishan alifariki 1971, mwenzake Shankar akaishi mpaka 1987. Wale wawili walikuwa wakitunga pamoja, na kazi ya watu wawili inahesabiwa kwa yule aliyekufa mwisho. Kwa hivo mahadhi ya Shankar na Jaikishan hata kwa hesabu ya Kenya yapo mpaka mwisho wa 2037, hata kama picha yenyewe babako aliiona kabla hajaoa.

Mashairi ya kale kabisa hayana shida hiyo. Muyaka alifariki karne ya kumi na tisa, Mwana Kupona vivyo hivyo, chukua beti uimbe. Nyimbo za jamii ndo utulie kidogo. Vugo la harusi za Lamu, kirumbizi, mwanzele wa Wagiriama huku kwetu Malindi, hazina mtunzi mmoja na watu wanadhani ni bure. Kenya ina sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii, ukitaka kuzifanyia biashara jamii yenyewe inatakiwa ikubali. Kwa kawaida ukikaa na wazee wa kundi lile mkaelewana mambo yanakwenda.

HABARI YA SEKUNDE

Kila wiki ntamsikia mtu anasema ukichukua chini ya sekunde saba hakuna neno. Mwengine anasema tano. Hakuna sheria kama hiyo, si Kenya wala kwengine. Sheria yetu inaangalia kama umechukua sehemu ya maana ya kazi, na sehemu ya maana inaweza kuwa fupi mno kama ndiyo ile inayomfanya mtu aseme aah, huu si ule wimbo wa fulani! Ati matumizi ya haki nayo watu wameyashika kutoka video za Wamarekani. Kwetu ni utafiti, matumizi yako binafsi, uhakiki na habari za matukio, na biti ya kuuza haimo humo.

Huko nje nako hawajapatana. Marekani 2005 koti moja la rufaa liliamua kuhusu kipande cha gita cha sekunde mbili cha bendi ya Funkadelic kilichoingia kwenye wimbo wa kundi la rap la N.W.A. na wimbo ule ukatumika kwenye filamu, likasema omba leseni au usidokoe. 2016 koti jengine la Marekani hiyo hiyo likasema mlio wa tarumbeta usiofika hata robo ya sekunde ndani ya wimbo wa Madonna ni mdogo mno kuwa kesi. Ulaya 2019 wakasema kwenye kesi ya Kraftwerk, bendi ya Ujerumani, kesi ya sekunde mbili iliyoanza na wimbo wa 1997, kwamba hata kipande kidogo kinahitaji ruhusa isipokuwa ukikibadilisha mpaka sikio lisikitambue. Mimi nafuata hiyo ya Ulaya, ni ngumu, na ukiipita hiyo umepita kwengine kwingi. Ila jipime kwa haki, usimpe rafiki yako asikilize, mpe mtu mzima aliyeusikia wimbo ule ujanani, akitikisa kichwa akaanza kuuimba ujue umeshindwa.

NYIMBO ZA SINEMA ZINA WENYEWE WAKALI

Wimbo wa picha si yatima kama kaseti ya harusi. Una kampuni, ina mawakili. 2002 muimbaji Truth Hurts wa Marekani alitoa wimbo uliodokoa sauti ya Lata Mangeshkar kutoka picha ya Kihindi ya 1981, kampuni ya Saregama ikadai dola milioni 500, na 2003 jaji akaamuru CD zisiuzwe mpaka jina la mtunzi Bappi Lahiri liandikwe. Zingatia hapo, kilichosimamisha mauzo ni jina kutoandikwa. Jina halikugharimu kitu.

Halafu Saregama hao hao wakamshtaki produsa Timbaland wa Marekani kwa kipande kifupi mno kutoka wimbo wa picha ya Aradhana ya 1969, kilichotumika kwenye wimbo wa rapa The Game wa 2005. Wakashindwa. Koti la rufaa 2011 likasoma mkataba wao wa 1967 na kuona haki waliyopewa ilikuwa ya miaka miwili tu halafu ikarudi kwa waliotengeneza filamu. Maana'ke hata kampuni kubwa inaweza kukuuzia kisicho chake, kwa hivo mtu akikwambia ni changu, muombe karatasi, tena kwa adabu.

Inayotuhusu zaidi sisi ni ile ya Misri, maana taarab imekula sana kwenye sinema za Misri. Baligh Hamdi alitunga Khosara Khosara, Abdel Halim Hafez akauimba kwenye filamu ya 1957. Timbaland akauchukua akautia kwenye Big Pimpin' ya Jay-Z. Wakalipa dola 100,000 kwa kampuni iliyosema inao. Mpwa wake Baligh akaja 2007 akashtaki, hoja yake moja ni kwamba mahadhi ya mjomba wake yamewekewa maneno machafu, na kwa sheria ya Misri heshima ya mtunzi haiuzwi hata ukiuza mengine yote. Kesi ikaenda mpaka 2015 ikatupwa, na rufaa 2018 ikashindwa, kwa sababu familia ilikuwa imeshauza haki za kiuchumi. Lakini ni miaka kumi na moja ya mawakili, jamani. Na Kenya pia tunayo haki hiyo ya heshima, mtunzi anaweza kukataa kazi yake kuharibiwa na akifa warithi wake wanaishika. Kwa hivo usichukue kasida ukaiwekea maneno ya klabu halafu ukasema nilikuwa na ruhusa ya kampuni.

PIGA UPYA

Hii ndo njia yangu na ndo ntakayokushauri. Ukipiga kile kipande upya na watu wako, hujagusa rekodi ya mtu, umebaki na deni moja tu la wimbo. Na sisi huku tuna bahati ambayo produsa wa Nairobi hana, wapigaji wapo. Udi upo Lamu, kuna vijana Langoni na Mkomani wanaopiga vizuri, taishokoto bado utaipata, kodiani iliyochakaa yenye ule mlio wa kukoroma ukiulizia utaipata kwa mzee fulani. Mpe mpigaji wimbo asikilize, mrekodi kwa maiki moja katikati ya chumba kama walivyofanya wao, usimuwekee maiki sita. Kisha pitisha kwenye deki ya kaseti ya zamani uirudishe kwenye kompyuta, ule mvumo mnaoutafuta unatoka kwa mashine, hauna mwenyewe.

Na ukitaka kukaa raha kabisa usipige ule wimbo. Mwambie mpigaji wa udi akupigie kitu chake kwenye maqamu ile ile. Bayati, Rasti, Hijazi, hizi hazina mwenyewe, ni ngazi tu za sauti, hata raga vivyo hivyo. Ukichukua maqamu ile, ala ile na chumba kile, asilimia kubwa ya ladha unayoifuata umeshaipata, na karatasi unayohitaji ni moja ya yule mpigaji mliyekaa naye. Wengi wananiambia haiwi sawa na ya asili. Ni kweli, haiwi, na mara nyingi biti inakuwa nzuri zaidi kwa sababu unaweza kumwambia arudie.

Kama bado unaitaka rekodi yenyewe, ihamishe vizuri. Sahani za 78, zile za zamani zaidi, usizipanguse na spiriti, zinayeyuka, tumia maji safi kidogo na kitambaa laini, na sindano yake ni nene kuliko ya 45 na LP (zile kubwa), ukitumia nyembamba utasikia makwaruzo zaidi ya wimbo. Kaseti zilizokaa karibu na bahari zina ukungu, ukiona unga mweupe kwenye utepe vaa barakoa na usiitie kwenye deki yako nzuri. Tazama kama kile kipande kidogo cha sponji nyuma ya utepe hakijabanduka, kikibanduka sauti inapotea upande. Rekodi faili ya WAV ya biti 24 kwenye programu ya Audacity, usisafishe kwanza, hifadhi mbichi halafu ufanyie kazi kopi.

KUMUENDEA MWENYEWE

Kwa nyimbo za India utaandika kwa Saregama kama ni za lebo ya zamani ya HMV, na uandike kwa Kiingereza kifupi: jina la wimbo, picha na mwaka, dakika ngapi unazichukua kutoka wapi mpaka wapi, utauza wapi. Wengi hawajibu watu wadogo, kutojibiwa si kukubaliwa.

Kwa mshairi wa hapa nenda mwenyewe kwa miguu. Usimpigie simu mzee wa watu ukamtajia hakimiliki kabla hujamsalimia. Peleka wimbo kwenye simu umsikilizishe, na hapo utapata kitu ambacho hakimo kwenye sheria yoyote: taarab ni mafumbo, ubeti ule ulimlenga mtu, na pengine yule mtu au wanawe wako nyumba ya tatu. Uliza aliambiwa nani. Kuna beti nzuri sana ambazo ukizirudisha leo unarudisha ugomvi ulioisha zamani.

Kama mshairi ameshafariki, haki yake ni mali kama mali nyengine, inaingia kwenye mirathi. Kwa Waislamu maana yake ni warithi kadhaa wenye mafungu yao, na ikiwa mirathi ilipita kwa Kadhi, Lamu au Malindi, kuna karatasi inayoonyesha nani ni nani. Usimalizane na mtoto mmoja mchangamfu kwa sababu ndo anayejua WhatsApp. Kenya mtu akikuuzia haki moja kwa moja lazima iwe maandishi yenye saini, ruhusa ya kutumia tu inaweza hata kuwa ya mdomo, lakini ya mdomo inasahaulika siku wimbo unapoanza kuingiza pesa. Andika kitu cha namna hii:

"Sisi warithi wa marehemu ____, aliyetunga maneno ya wimbo ____, tumempa ____ ruhusa ya kutumia ubeti wa ____ ndani ya wimbo wake mpya uitwao ____. Ruhusa ni ya wimbo huo mmoja, asimpe wala asimuuzie mtu mwengine ubeti huu. Jina la marehemu litaandikwa kila wimbo unapotokea. Tumepokea shilingi ____ leo, na katika pesa za utunzi ____ kwa mia ni zetu. Wimbo ukitakiwa kwenye filamu au tangazo aturudie kwanza."

Chini majina, nambari za vitambulisho, saini, mashahidi wawili, tarehe. Pesa tuma kwa M-Pesa hata kama mmekaa mkeka mmoja, ule ujumbe ni risiti.

Kile kipengele cha filamu usikifute. Wimbo kuwekwa chini ya picha ni ruhusa nyengine kabisa, na Malindi hapa kila siku kuna mtu anashuti video ya hoteli au nyumba ya Mtaliano anataka "kitu cha kiswahili". Solomon Linda wa Afrika Kusini alirekodi Mbube 1939, haki zake zikaenda kwa shilingi kumi, akafariki 1962 akiwa maskini, na wimbo ukaja kuingia kwenye The Lion King ya 1994. Binti zake walifungua kesi dhidi ya Disney 2004 na 2006 wakapatana. Waliegemea sheria ya Mwingereza ya 1911 iliyosema haki zinarudi kwa warithi miaka 25 baada ya mtunzi kufa.

UKIPANDISHA

YouTube ina Content ID, mashine inayolinganisha sauti. Inaweza kukushika hata ukiwa na haki, mfano umetumia sahani yako mwenyewe ya Siti binti Saad na kuna kampuni iliyotoa CD ya rekodi ile ile. Kleimu si straiki. Kleimu mara nyingi inachukua pesa za matangazo tu, unaipinga kwa zile picha za sahani na karatasi zako, na aliyedai ana siku 30 za kujibu. Straiki, yaani onyo rasmi la kuvunja hakimiliki, ndo hatari, tatu ndani ya siku 90 chaneli inafungwa. Usipinge kleimu kwa hasira kama karatasi huna, hapo ndo kleimu inageuka straiki.

Leseni ya vyama vya kukusanya malipo ya muziki aliyonayo mwenye hoteli ni ya kupiga muziki pale mbele ya watu. DJ anayepiga pale amefunikwa kwa kupiga, wewe uliyedokoa hujafunikwa na kitu.

Na pale msambazaji wa mtandaoni anapokuuliza kama wimbo una sampo, yaani kipande ulichodokoa, weka ndiyo, tia jina la mshairi kwenye sehemu ya waandishi wa wimbo kabla ya lako, na mtunzi wa mahadhi naye kama mahadhi ni yake. Kisha sajili kazi yako mpya kwenye National Rights Registry ya KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, ukiambatisha ile karatasi ya warithi. Hakimiliki unayo hata bila kusajili, lakini cheti chenye tarehe kitakusaidia siku kijana mwengine wa Barani atakapoidokoa biti yako.